Slaidi Zilizoegemea Kulia

Ofisini walimwita Rula. Hakuweza kupita penye picha iliyotundikwa upande bila kuinyoosha, hata kama ni picha ya mkurugenzi na mkurugenzi mwenyewe amekaa chini yake. Alikuwa katibu muhtasi wa kampuni ya bima, na kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile waliyoikimbia wenzake: kuunganisha slaidi za mikutano. Kila idara ilileta zake zimevaa zinavyotaka. Huku herufi nene, kule nyembamba. Huku kichwa cha habari kimekaa katikati, kule kimejibanza pembeni kama mgeni ambaye hakukaribishwa kiti. Rula aliziweka zote katika mstari mmoja, na zilipokaa sawa alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyemaliza kukunja nguo za nyumba nzima.

Lakini nyumbani kwake kulikuwa na kitu kilichowahi kupinda, na hakuna rula ambayo ingekinyoosha.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alifundisha udereva. Kisha kiharusi kikampiga. Kilimwachia ulimi, kikamwachia miguu, kikamchukulia kushoto. Macho yalikuwa mazima. Akili ndiyo iliyosahau kwamba upande huo upo. Alinyoa shavu la kulia, la kushoto akaliacha kama shamba lisilopaliliwa. Alikula nusu ya sahani, kisha akauliza kwa upole mbona siku hizi anapunjwa. Rula aliizungusha sahani.

"Kumbe bado kipo!" Mwalimu akasema, na wote wawili wakacheka. Rula alikwenda kumalizia kicheko chake jikoni, peke yake.

Yakafuata mazoezi. Daktari aliweka kitu kushoto kwa mgonjwa, ufunguo au kikombe, kisha akangoja aone kama mkono utakifuata. Kidogo kidogo kushoto kukarudi, kama mtu aliyesafiri bila kuaga. Siku ya mwisho daktari alimpa Mwalimu mkono wa pongezi, ila mlangoni akamnong'oneza Rula: "Uwe unamwangalia, mama. Hali hii ikirudi, itaanza na mambo madogo."

Tangu hapo Rula akawa anaishi na mambo madogo.

Sasa shule ya udereva ilikuwa radhi kumrudisha Mwalimu, kwanza darasani, halafu barabarani. Jumatatu angefundisha somo moja, la makutano ya barabara, mkuu wa shule akiwa amekaa nyuma anasikiliza. Jumamosi alasiri Mwalimu akaweka kompyuta mezani mbele ya mkewe.

"Mimi nimezizaa, wewe zivalishe," alisema. "Nyingine nimezitoa kwenye masomo yangu ya zamani, nyingine nimeziandika juzi, basi zimekuwa kama watoto wa shule mbili. Na mwishoni niongezee ukurasa wa maswali."

Akaenda kukaa karibu na dirisha na redio yake. Upande wa pili wa meza wifi yake Rula, dada wa Mwalimu, alikuwa akipiga pasi.

Rula alianza kwa furaha. Aina za herufi alizikuta nne, akazifanya moja. Rangi za vichwa akazipatanisha. Kisha mkono wake ukasimama.

Slaidi za zamani, zile za kabla ya ugonjwa, zilikuwa zimetulia katikati. Slaidi mpya zilikuwa zimeegemea kulia. Zote. Kichwa kulia, maelezo kulia, na kushoto weupe mtupu, hakuna hata nukta. Akarudi nyuma, akaenda mbele. Za zamani, sawa. Mpya, kulia. Ilikuwa sahani ile ile, imerudi mezani.

"Wifi, mbona umenuna?" dada mtu akauliza. "Slaidi zimekutukana?"

"Zimeegemea."

"Basi zipe mto."

Rula hakucheka. Aliinuka, akamimina chai, akaenda nayo dirishani. Akaiweka kwenye kimeza, kushoto kwa mumewe, bila kusema kitu. Mwalimu alikuwa akifuatilia habari za mpira. Rula alirudi kukaa, akawa anamtazama juu ya kompyuta kama mtu anayechungulia kisima. Kikombe kilitoa mvuke. Mvuke ukapungua. Mvuke ukaisha. Mkono wa Mwalimu haukwenda kushoto.

Basi akashika kipanya na kuanza kuvuta vichwa kimoja kimoja kuvirudisha mahali pake. Alivuta taratibu, meno ameyauma. Alijua anachokifanya: hakuwa ananyoosha, alikuwa anaficha. Jumatatu mkuu wa shule asingeona kitu. Kisha siku moja Mwalimu angekaa garini pembeni ya mwanafunzi, na kwenye makutano pikipiki ingetokea kushoto. Na kama asingeficha? Ingekuwa ni yeye, mkewe, aliyemnyima kiti alichokuwa akikiota tangu hospitalini. Ukipenda, chongo huita kengeza, wahenga walisema. Hawakusema la kufanya wakati chongo hilo linataka kushika usukani.

Alifika mwisho wa slaidi. Akafungua ukurasa mpya wa maswali alioagizwa, akaandika neno moja: Maswali?

Neno likatua kulia.

Akalitazama. Akalifuta, akaandika tena. Kulia. Akaitazama mikono yake mwenyewe, wa kulia kisha wa kushoto, kama vile ameiazima.

"Wifi, hebu njoo. Andika hapa chochote."

"Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

"Andika tu, dada yangu."

Wifi akaweka pasi kando, akaandika kwa kidole kimoja: Nina njaa. Maneno yakakaa kulia, makubwa, na kushoto kweupe pe.

"Kwani na wewe una kiharusi?" Rula akasema, na sauti yake ikakatika katikati.

"Ushindwe! Mimi nina njaa, nimeandika."

Rula alikuwa ameshafungua slaidi mama. Ndivyo walivyoiita ofisini: ukurasa uliofichwa nyuma, ambao nyingine zote hupata umbo kutoka kwake. Shule ndiyo iliyompa Mwalimu slaidi hiyo, na humo visanduku vyote vya maandishi vilikuwa vimesukumwa kulia kupisha nembo ya usukani. Nembo yenyewe mtu aliiondoa, labda ili aweke mpya, kisha akasahau kurudisha visanduku. Nafasi ilibaki ikimngoja mgeni ambaye hakuja. Slaidi za zamani zilikuja na mama yao mwingine. Ndiyo maana zilikaa sawa.

Akavivuta visanduku vya mama katikati, na maelezo ya slaidi mpya yakasogea yote mara moja, kama watoto waliosikia hatua mlangoni. Vichwa tu alivyokuwa amevivuta kwa mkono havikusogea. Alikwisha kuvifundisha kutomsikiliza mama. Akavirejesha kimoja kimoja, navyo vikatii.

"Mwalimu!" aliita. "Si wewe! Ni mama!"

"Mama yupi tena?" Mwalimu akapunguza redio. "Mama yangu alikufa zamani, mwacheni apumzike."

Rula akamweleza, akicheka na kupangusa macho kwa shati lililokwisha kupigwa pasi, wifi yake akilalamika. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono wa kushoto, akashika kikombe na kukiinua.

"Na hiki je? Unadhani sikukiona? Nimekiona kikija. Ni kipimo kile kile cha daktari, tena hujanikaribisha hata kwa neno." Akakirudisha mezani. "Mimi nakunywa chai, mke wangu. Mtihani siunywi."

"Nisamehe, baba."

"Niwekee ya moto, yenye sukari. Iweke upande wowote utakaopenda."

Jumatatu mkuu wa shule alimruhusu Rula akae kiti cha nyuma kabisa. Hakusikia mengi ya somo. Aliangalia slaidi zikipita ukutani, zote zimesimama mstari mmoja, na kila moja ilipopita, mabega yake yalishuka kidogo, mpaka akakumbuka jinsi mabega yanavyokaa.

Ukaja ukurasa wa mwisho. Maswali? Katikati, pale panapostahili.

Kisha mkono mmoja ukainuka, nusu nusu, kwenye pembe ya dirisha, kushoto kabisa kwa Mwalimu. Rula akashika ukingo wa kiti.

"Naam, wewe pale dirishani," Mwalimu akasema papo hapo. "Inua mkono vizuri, bwana, hapa hatukamati mtu."

Darasa likacheka. Mkuu wa shule akafunga kalamu yake. Nyuma kabisa Rula alikiachia kiti, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akageuka kutazama nje.