Fusae Akata Nguzo

Fusae alikuwa na miaka themanini na moja, ng'ombe wawili waliosalia kati ya arobaini, na mdomo ambao watu wa kijiji cha Shimohoro waliuogopa kuliko dubu. Walikuwa na haki ya kuuogopa.

Mwenyekiti Tatsuzo alitangaza kikaoni: "Nguzo za bendera zisiposimama sikukuu hii, hekalu tunalifunga. Kuhani wa mjini aje amuage mungu, jengo tulichome."

Nguzo zilikuwa mbili, mita kumi na mbili kila moja. Kuinua moja kulitaka wanaume kumi. Kijijini walibaki wanne, na watatu kati yao magoti yalishagoma.

"Tukubali tu, dada Fusae. Sikio la kufa halisikii dawa."

"La kufa ni lako, Tatsuzo! Mimi nasikia vizuri."

Alirudi nyumbani na hasira zake. Babu yake alifika kisiwani Hokkaido na familia kumi na moja, mafuriko yamewafukuza Toyama. Hata kabla hawajajiezekea kibanda walikata gogo, wakalibambua gome, wakaandika jina la mungu wa kwao, wakalisimamisha katikati ya visiki na kulimwagia pombe ya mchele. Baridi iliwaulia maharage miaka miwili mfululizo. Walizika watoto wanne. Jengo lenyewe lilikuja mwaka wa tisa, na humo Fusae aliolewa, humo alimwombea mumewe mpaka akakata roho. Leo mtu aje amwambie lichomwe? Thubutu!

Asubuhi ya sikukuu aliwasha msumeno wa petroli pale hekaluni. Tatsuzo akaja mbio, kandambili mguu mmoja.

"Dada! Nguzo za wazee hizo! Unafanya nini?"

"Nazipunguza."

"Fedheha gani hii!"

"Fedheha? Gogo la babu lilikuwa fupi kuliko wewe, na mungu alikuja."

"Na bendera je? Si zitaburuzika chini?"

"Nimeshazikunja, nimezishona."

Tatsuzo akazikagua, akabadilika rangi. Sehemu ya chini iliyokunjwa ndiyo yenye jina la babu yake, aliyelitolea hekalu bendera hizo.

"Umemficha babu yangu!"

"Jina la mungu liko juu, linasomeka. Babu yako akitaka kuonekana, mjukuu wake aje ashike nguzo."

Hakushika. Alisimama kando, amenuna. Fusae akamaliza kukata, akafunga bendera, akaingiza kitako cha nguzo ya kwanza shimoni, akaweka bega, akasukuma. Ikamrudia. Akasukuma tena, ikamrudia, akaitukana tusi la zizini papo hapo mbele ya mungu. Mara ya tatu ikasimama. Ya pili ilimtoa machozi, lakini nayo ikasimama.

"Zimesimama, hazijasimama?" akauliza, anahema.

Tatsuzo akakubali: "Zimesimama. Lakini mwakani je, dada? Nguvu zikipungua?"

"Nitazikata tena."