Mafungu Mawili ya Vigae vya Krete

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikabidhiwa masanduku mawili ya vigae vya vyungu vilivyochimbwa kisiwani Krete. Vilikuwa vimelala kwenye stoo ya idara tangu enzi ambazo mtu kama mimi angeingia pale kwa kufagia tu. Tasnifu yangu yote ilitegemea masanduku hayo. Mhadhiri wangu, mama wa Kizungu aliyezoea kuuliza huku anatazama dirishani, akanipa swali: watu wa kisiwa kile, zama zile za mwanzo za Wagiriki, walikuwa wa Mashariki au wa Magharibi?

Swali lenyewe lilinikera. Nimekulia pwani ya Tanga, jirani na magofu ambayo kila mgeni alitaka aambiwe yalijengwa na Mwarabu au sijui nani, ilimradi asiwe babu yetu. Nikaapa nitaandika kwamba Wakrete hawakuwa nusu ya mtu yeyote. Kichupa cha manukato kutoka Foinike, huko Mashariki, na chungu cha kupikia cha palepale vilikaa nyumba moja, mikononi mwa watu walewale. Nilichohitaji ni ushahidi tu.

Bomba la idara lilikuwa bovu, kwa hiyo niliruhusiwa kuosha vigae nyumbani, Glenwood, nilikopanga chumba. Vilikuwa kwenye mifuko ya karatasi, na kila mfuko uliandikwa namba ya tabaka la udongo vilimotoka. Vigae vyenyewe havikuandikwa kitu. Kazi hii ina kanuni yake: unaosha mfuko mmoja, unaanika vigae juu ya mfuko wake, ndipo unafungua mwingine. Vilivyolala tabaka moja ndivyo unavyoweza kusema vilitumika pamoja. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo.

Jumamosi ile nilikuwa na haraka, tena na hasira. Unyevu wa Durban haukaushi kitu. Mfuko wa kwanza ulinilia asubuhi nzima. Nikaona huu upuuzi, nikamwaga mifuko yote kwenye beseni moja. Nilipomaliza kusugua, nilivipanga barazani mafungu mawili ili nione vizuri: vya kigeni kulia, vya wenyeji kushoto. Nilijiona hodari kweli.

Dada mmoja Mkongo tuliyepanga naye nyumba ile, aliyekuwa akisuka nywele saluni mjini, alitoka na kikombe chake cha chai akasimama kutazama.

“Ndugu, hii vitu mbona umeitenga?”

“Hivi vya wageni, dada. Vile vya kwao wenyewe.”

“Eish! Kwetu Bukavu mama alikuwa na chungu ya udongo na assiette, sahani ya Beljike, yote iko mu armoire, kabati moja. Sasa hawa watu yako walikuwa na nyumba mbili?”

Nilicheka, nikafungua mdomo kumwambia kwamba hilo ndilo hasa ninalotaka kuthibitisha. Nilitazama ile mifuko, mitupu, imelundikana ukutani, nikaelewa kwamba sijui tena kigae kipi kilitoka mfuko upi.

Nilikumbuka kitu kimoja tu. Katika mfuko fulani nilikuta shingo ya kichupa cha Foinike imeegemea kigae cha chungu chenye masizi, na nilifurahi nilipoviona. Namba ya mfuko? Tatu, au tano. Niligeuzageuza karatasi zile mpaka macho yakaniuma, nikajitukana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Jumatatu nilimweleza mhadhiri. Hakufoka, na hilo liliniudhi zaidi. Alinipa kalamu nyembamba na wino, akaniagiza niandike juu ya kila kigae kwamba tabaka lake halijulikani, ili atakayekuja baadaye asidanganyike. Nilikaa nayo kazi hiyo wiki nzima, kigae baada ya kigae, shingo ikinikakamaa.

Nilibadilishiwa mada, nikaandika kuhusu maumbo ya midomo ya vyungu, nikafaulu kwa kubahatisha. Lakini kwa masanduku yale, hakuna tena atakayeweza kuonyesha kwamba vitu vile viliwahi kukaa nyumba moja. Mwandiko ulio juu ya kila kigae ni wangu.