Kabati Nililolitukana Mahakamani

Siku hiyo nilisimama mbele ya hakimu nikalitukana kabati la marehemu mume wangu mpaka jasho likanitoka.

Aliyesimama kulitetea ni yule yule aliyelichukua.

Msicheke kwanza, wajukuu zangu. Nitegeeni sikio.

Mume wangu alikuwa seremala. Kabati hilo alilitengeneza mwaka tuliooana, mbao ngumu, msumari hata mmoja hakuna. Ndani ya mlango wa kushoto alikuwa akichonga alama za vimo vya watoto wetu kadiri walivyokua.

Alama za mmoja wao zinaishia chini kabisa. Hakupata kukua.

Mzee alipofariki, paa likaanza kuvuja. Mdogo wake akaja na mkokoteni. "Shemeji, nikuhifadhie hili mpaka utengeneze paa."

Paa likatengenezwa. Kabati kimya.

Kumbe limesimamishwa mapokezi, kwenye nyumba yake ya wageni, limejaa funguo za vyumba na mashuka.

Kila nikilidai, ananicheka. Eti mabanzi yale ya nini, mchwa wenyewe wameyakataa. Nikamwambia basi nirudishie mabanzi yangu. Akasema akipata nafasi.

Nafasi yenyewe haikuzaliwa.

Nikaenda mahakama ndogo ya mtaani kwetu. Karani, binti mmoja mwenye miwani, akaniuliza kabati lina thamani gani. Nikasema halina bei.

"Bibi, humu usiseme hivyo," akaninong'oneza.

Akanieleza kwamba mahakama ile ina kikomo. Mali ikizidi thamani fulani, hakimu wake hana ruhusa ya kuisikiliza. Kesi inapanda mahakama kubwa, huko kwenye mawakili na gharama zao.

Nikaelewa. Ni kama mizani ya dukani: sukari inapima, gunia upeleke kwingine.

Na mimi wakili ningemlipa nini? Vitendawili?

Nikataja bei ya kitanda kibovu.

Shemeji naye alikuwa ameshapigwa msasa na wajuzi wake. Siku ya kesi akaja amevaa koti. Akamwambia hakimu mbao ile haipatikani tena, fundi yule hajazaliwa mwingine, na kabati lile thamani yake inakizidi kikomo cha mahakama mara tatu. Kwa hiyo kesi iondolewe.

Jamani. Miaka yote kaka yake akiwa hai, hakuwahi kumsifia hata kigoda.

Hakimu akanigeukia. "Mama, wewe unasemaje?"

Nikasema limepinda. Nikasema linanuka mende. Nikasema fundi wake alikuwa bado anajifunza, na moyoni nikamwomba baba watoto anisamehe.

"Kwa kiapo changu, mheshimiwa, zile ni kuni zilizosimama."

Watu wakaangua kicheko. Shemeji akalalamika kwamba namvunjia marehemu heshima.

Hakimu akakubali bei yangu. Kesi ikasikilizwa, nikashinda. Nikaanza kumwaza mwenye mkokoteni wa kunibebea.

Kisha hukumu ikamaliziwa kusomwa: mdaiwa arudishe kabati, au alipe thamani aliyoitaja mdai.

"Anayechagua ni nani, mheshimiwa?"

"Ni yeye, mama."

Shemeji akacheka mpaka gego la mwisho likaonekana. Akalipa pale pale, ndani ya bahasha ya kaki. Bei yangu mwenyewe, kutoka kinywani mwangu mwenyewe.

Bahasha nikaisukumia chini ya godoro. Sikuifungua.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikiwa nachambua mchele, shemeji huyo mlangoni, kaongozana na mama mmoja anayefanya biashara ya samani za kale. Mama huyo alikuwa amelala kwenye nyumba ya wageni ya shemeji, akalipenda kabati, wakakubaliana bei ya kumnyima mtu usingizi. Ila mama yule hakuwa mtoto wa jana. Alitaka kwanza asikie kwa mjane wa fundi.

"Mwambie, shemeji," akanibembeleza. "Mwambie mikono ya kaka ilikuwaje."

Ulimi uliniwasha. Mume wangu hakuwa na mfano, na mtu alikuwa ananiomba nimsifu.

Nikaung'ata.

"Mwanangu," nikamwambia mgeni, "mimi nilishakula kiapo mbele ya hakimu. Ni kuni zilizosimama. Shemeji huyu alikuwepo, na kwa bei ya kuni akalilipia bila kubisha. Leo nikigeuza, si nitafungwa?"

Mama akamtazama shemeji. Akachukua mkoba wake, akaaga.

Wakaja wanunuzi wengine. Kila mmoja alitaka kumsikia mjane, na kila mmoja nilimpa kiapo changu, kizima, bila kupunguza neno.

Mwisho shemeji akaja peke yake, akakaa kwenye kigoda.

"Shemeji, unataka nini?"

"Mabanzi yangu."

"Kwa bei gani?"

Nikainua godoro. Bahasha ilikuwa vile vile, na gundi yake.

Mkokoteni aliusukuma mwenyewe. Walipoondoka watu, nikafungua mlango wa kushoto, nikapapasa ile alama ya chini kabisa. Nikaliomba kabati radhi kwa yote niliyolisema.

Basi haya, kitendawili: nilimtukana mbele za watu, akanirudia nyumbani.

Jibu mnalo. Na funzo ni hili: mahakama zina vikomo vya bei, ndogo ina chake na kubwa ina chake. Kitu kisicho na bei hakina mahakama. Hicho, wajukuu zangu, msimpe shemeji awahifadhie.