Gari Lenye Godoro

Gari lile lilikuwa limeegeshwa gerejini, hapa Singida mjini, muda mrefu kiasi kwamba kuku walishaliona kuwa banda lao. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko la gesi na kabati. Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka nalo Afrika walilichoka, wakamuuzia mwenye gereji. Nilipoingiza kichwa na kunusa dizeli, umri wangu wote ukaniruka, nikabaki na miaka minane.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara wa vitunguu. Likizo ikifika ananichukua, tunafuata minada. Tulilala juu ya magunia, chini ya turubai, yeye kaninyooshea mkono nisije nikaviringika. Sijawahi kulala vizuri kama vile, na mimi nimelala kwingi, hata kwenye madawati ya shule ya jioni, ambako nililala masomo yote isipokuwa mapumziko. Asubuhi baba aliwasha injini kwanza ndipo akachemsha chai, na mpaka leo chai isiyonukia dizeli naiona kama maji ya kuoshea vikombe. Baba hayupo tena. Minada yenyewe siku hizi watu wanaenda na kurudi jioni, wakalale kwao.

Basi nikataka kulinunua, nikamleta mke wangu alione. Akalizunguka mara moja.

"Nyumba unayo, kitanda unacho," akasema. "Sasa unahamia wapi, baba watoto?"

"Sihami. Tutatembea, tukichoka tunalala hapo hapo."

"Kama konokono."

Halafu akatoa sharti. Mama yake anaishi Mtinko, magoti yamechoka, na kila akija hospitali mjini anapanda bodaboda. "Gari lisilombeba mama yangu sitaki lilale uani kwangu. Nenda ukamchukue. Akipanda, nunua. Akikataa, tusilizungumze tena."

Nikaona nimeshinda. Kumpakia mtu garini kuna ugumu gani?

Mwenye gereji akakubali mimi na mke wangu tukalijaribu siku moja. Njiani injini ilinguruma mpaka nadhani watu wa Kiomboi walianua nguo wakidhani mvua inakuja. Mama mkwe akatoka nje, nikainama. "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba bila kunitazama, kama ilivyo heshima yetu. Mke wangu akafungua mlango wa ubavuni. Mama mkwe akachungulia, akarudi nyuma, akageuza uso.

"Mwambie mwenzio," akamwambia binti yake, nami nimesimama pale pale, "siingii chumbani kwa mkwe wangu."

"Mama, hili ni gari."

"Gari lina shuka?"

Kwetu mama mkwe hatazami kitanda cha mume wa binti yake, na shuka lile nililitandika mwenyewe asubuhi, nikalinyoosha mpaka nzi akitua anateleza, eti nimfurahishe mgeni. Mke wangu akanitazama. Nilitegemea anicheke, lakini hakucheka.

Mama mkwe akaingia ndani kwake, akakawia. Nikajua yameisha. Kumbe alifuata kitenge.

"Kifunge nyuma ya viti," akamwambia binti yake. "Huko nyuma ni kwao. Huku mbele ni barabarani."

Usukani wa gari lile uko kushoto. Mke wangu akabanwa katikati, na mama mkwe akakaa kulia, mahali anapokaa dereva katika magari yetu yote. Akakunja mikono, macho mbele. Njia nzima watu walisimama kumshangaa bibi anayeendesha bila kushika usukani. Mwendesha bodaboda mmoja aligeuza shingo mpaka nikahofia itabaki nyuma. Wanawake waliokuwa wakianika alizeti wakampigia vigelegele. Hakucheka. Aliinua mkono, akawapungia taratibu kama mgeni rasmi.

Tulipoanza kuiona Singida, akasema, "Mwambie mwenzio, Jumamosi nataka kwenda Ikungi kwa mdogo wangu."

"Unaambiwa Jumamosi Ikungi," mke wangu akanifikishia.

"Nimesikia. Lakini gari bado si letu."

Mke wangu akamtazama mama yake, ambaye alikuwa bado anapunga.

"Basi pitia gerejini," akasema, "kabla yule baba hajafunga."