Senta Hafu wa Miwani

Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, alikuwa mtu wa kunyamaza. Sisemi kwamba alikuwa na kisirani, la. Alipika, alishona, aliwapokea wageni vizuri, lakini sauti yake ilikuwa ya chini hata ukitaka kumsikia ilibidi uache unachokifanya. Mume wangu aliniambia kwamba zamani hakuwa hivyo. Unguja nyumba yao ilikuwa karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, na alasiri za mechi mama yake alikaa juu dirishani akawapigia makelele wachezaji kama kwamba wote kawazaa yeye. Kisha yakaja yaliyokuja. Mwaka sitini na nne wakaondoka na masanduku mawili, wakaishi Dubai, na huko ndiko mimi nilikoolewa. Sauti hiyo ya dirishani sikupata kuisikia.

Mwisho wa mwaka sabini, nchi ya wazee wetu Uarabuni ilipofunguka na joto lilipopungua, tukahamia Matrah, bandari jirani na Maskati. Mume wangu alipata kazi ya ukarani forodhani, tukapanga ghorofa ya juu katika nyumba ya mawe nyuma ya soko. Watu wetu walikuwa wakimiminika wakati ule, wengine kutoka Kuwait, wengine Kairo, wengine moja kwa moja kutoka Afrika. Kila uso mpya uliulizwa maswali yale yale: umetoka mtaa gani, mama yako nani, na unacheza namba ngapi.

Maana mpira ulikuwa umeshaanza. Uwanja ulikuwa Ruwi. Ukienda Ruwi leo utakuta mabenki na magari yasiyo na pa kusimama. Siku zile lilikuwa bonde la changarawe lenye njia ya ndege pembeni. Vijana waliokota mawe kwa mikono, wakapiga mistari kwa majivu, wakasimamisha milingoti ya magoli. Ndege ikishuka kutua, mchezo ulisimama, watu wote wakainua vichwa, na hakukosekana mtu wa kusema, "Mungu atujaalie humo ndani mna golikipa."

Timu zilikuwa tatu: yetu ya Matrah, ya Maskati mjini, na ya vijana wa kambi ya mafuta. Tatizo likawa ni kugombania wageni. Mtu hajafungua sanduku lake, keshaalikwa chakula cha mchana nyumba tatu siku moja. Wakafika watu kununiana kwa sababu ya winga. Wazee wakaona hii sasa ni aibu, wakaamua wageni wagawanywe hadharani, kwa zamu: timu hii ichague mmoja, ile mmoja, ile mmoja, kisha zamu irudi mwanzo, mpaka waishe. Na kwa kuwa mume wangu ndiye aliyekuwa nahodha wa Matrah, na sisi ndio tuliokuwa na ukumbi mpana, shughuli ikafanyika kwetu, Ijumaa baada ya sala.

Sisi wanawake tulikaa chumba cha ndani, pazia limeshushwa, tunasikia kila neno. Nilikuwa nimepika vitumbua tangu asubuhi. Mavyaa alikaa na cherehani yake lakini gurudumu halizunguki.

Zamu ya kwanza mume wangu alichukua golikipa, na hakuna aliyebisha. Zamu ya pili akachukua winga wa kushoto, kijana mwepesi wa Ng'ambo. Kaka yangu, ambaye hakuwa mchezaji bali mshabiki wa kupindukia, akapiga makofi peke yake. Ikafika zamu ya tatu. Tulichokosa ni senta hafu, mtu wa katikati wa kupokea mpira kwa mabeki na kuugawa mbele. Na senta hafu alikuwapo, tena bado hajachukuliwa: bwana mmoja wa mtaa wa Malindi, kifua kama kabati, anayejulikana Unguja nzima kwa mkwaju wake. Watu walikuwa wameshaanza kumpa mkono wa pongezi.

Mume wangu akakohoa kidogo. "Sisi tunamchukua yule bwana wa miwani."

Ukumbi ulilipuka. Bwana wa miwani alikuwa mtu mrefu mwembamba aliyetoka Kairo kusoma, mpole, amevaa viatu vya ncha kali, na, kwa tulivyojua, hapana mtu hata mmoja pale aliyewahi kumwona akigusa mpira. Watu wa Maskati hawakungoja. Walimtaja mtu wa Malindi kabla hata kelele hazijatulia. Nikamsikia kaka yangu akisema kwa sauti ya kilio, "Shemeji! Shemeji, umetuua!"

Wageni walipoondoka mume wangu akaingia ndani kutafuta maji. Mavyaa alisukuma cherehani pembeni.

"Umemchukua nani?"

"Yule wa miwani, mama."

"Na wa Malindi umemwacha."

"Nimemwacha."

"Nnakuuliza, mwanangu, wewe ulikuwa umelala?" Sauti ilipanda. "Miwani! Mpira wa kichwa atapigaje? Akiitia mfukoni, atamwona nani? Wallahi lau marehemu baba yako angelikuwepo leo, angelitoka nyumba hii kwa miguu!"

Jirani wa chini alifungua dirisha. Mimi nilisimama na sinia mkononi, sijui nicheke au nikimbie. Mume wangu alikuwa akimtazama mama yake kwa namna ambayo sikuielewa mpaka nilipoona macho yake yamejaa maji.

"Kamwone kwanza, mama," alisema. "Mimi nilimwona pwani jioni moja, anacheza na vijana wa bandarini. Hakukimbia hata mara moja, na mpira kila mara ulikuwa kwake."

"Pwani," alisema mavyaa. "Pwani hata mimi nacheza."

Wiki ile haikuwa na mazungumzo mengine. Ukienda sokoni kununua samaki unaulizwa habari za miwani. Kaka yangu alikuja kila jioni kunywa kahawa na kulaumu. Aliigawa Matrah nzima makundi mawili, waliotaka nguvu na waliotaka akili, na kundi la akili, kwa mujibu wa hesabu yake, lilikuwa la mume wangu peke yake. Mimi nikaulizwa msimamo wangu. Nikasema mimi ni mke wa nahodha. "Hilo si jibu, hiyo ni huzuni," akasema kaka yangu, na mavyaa akacheka mpaka akafuta macho kwa upande wa kanga.

Jumatano mavyaa akatoa amri. "Mwiteni aje kula."

Akaja, maskini, amechana nywele, hajui kama anaitwa mahkamani. Mavyaa alimpikia pilau na kachumbari, akamwacha ale ashibe, kisha akaja mwenyewe kukaa kwenye mkeka mkabala naye, buibui limefungwa vizuri, akavuta sinia la tende karibu. Akapanga tende juu ya mkeka: mabeki wawili, mahafu watatu, mafowadi watano.

"Huyu wewe," alisema, akiigusa tende ya katikati. "Mpira umeupata. Wa kwanza unayemtazama nani?"

Yule bwana aliweka gilasi chini. "Simtazami mtu wakati huo, mama. Nnakuwa nimeshatazama kabla mpira haujanifika."

"Haya. Umetazama. Umemwona nani?"

"Aliye mbali na wenzake. Huyu." Akagusa tende ya winga wa kushoto, ukingoni kabisa. "Watu wote huja ulipo mpira. Huyu wanamsahau."

"Na wakikukaba wawili?"

"Basi kuna mmoja wetu hana mtu. Nnamtafuta huyo."

"Na wakikuumiza?"

"Ntaumia, mama."

Mavyaa akaokota tende ya senta hafu, akaila. Baada ya mgeni kuondoka tulimzunguka mimi na mume wangu kutaka hukumu. "Maneno anayo," alisema. "Miguu tutaiona Ijumaa." Lakini Alhamisi yake nilimkuta akikata kipande cha lastiki kutoka kwenye kikapu chake cha kushonea, akakipeleka kwa yule bwana afungie miwani yake kisogoni.

Mechi ilikuwa na Maskati, kwa hivyo na mtu wa Malindi. Kaka yangu aliazima gari la mizigo la tajiri wake, akaliegesha nyuma ya mstari, na sisi tukakaa juu yake, mavyaa katikati kwenye mto. Palikuwa na wanawake wengine kwenye magari mengine, na watu wamejipanga mpaka kwenye mawe ya mlima.

Nusu ya kwanza ilikuwa msiba. Bwana wa miwani alipokea mpira, akageuka, akanyang'anywa. Akapokea tena, akautoa vizuri kwa mtu ambaye hayupo. Mtu wa Malindi alimpita mara moja kama mtu anayepita mlango ulio wazi, akaachia mkwaju kutoka mbali, na golikipa wetu akaruka baada ya mpira kuingia. Kaka yangu alivua kofia yake, akaikunja, akaikalia.

"Hawa hawamwelewi," alisema mavyaa.

"Kina nani hawamwelewi?" aliuliza kaka yangu.

"Winga wako wa kushoto ndiye punguani. Wa miwani anampigia pale pale penye nafasi, na kijana anaukimbilia mpira uliko. Mwambieni asimame pembeni! Asimame pembeni angoje!"

Wakati wa mapumziko mume wangu alikuja kando ya gari kunywa maji. Mavyaa akainama juu yake na kumwambia maneno hayo hayo kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi kwa marubani. Mume wangu akasema, "Naam, mama," akarudi kwa wenzake, nikamwona anamsogeza winga kwa mkono mpaka karibu na majivu ya mstari.

Kipindi cha pili kilikwenda muda mrefu bila jambo. Kisha yule bwana akapata mpira katikati, na watu wawili wakamwendea, mmoja wao mtu wa Malindi. Hakutazama kushoto hata kidogo. Aligeuza mguu tu, mpira ukapaa juu ya vichwa vyao wote, polepole, kama una nafasi yake uliyoagiziwa, ukaanguka mbele ya winga aliyekuwa peke yake kama mtu anayengoja gari. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kufunga. Akafunga.

Sijui nilipiga kelele kiasi gani. Nilichosikia ni mavyaa. Alikuwa amesimama juu ya mto, buibui limemtelezea mabegani, anapiga vigelegele, na baina ya kigelegele na kigelegele anapaza, "Mumemwona? Mumemwona mwanangu?" Mume wangu, kule uwanjani, alidhani anaitwa yeye, akapunga mkono. Hakuitwa yeye.

Tulifungwa lakini. Dakika za mwisho mtu wa Malindi alipiga kona, mtu wao mmoja akaiweka ndani kwa kichwa, na bwana wa miwani, ambaye ndiye aliyepaswa kumkaba, alikuwa amesimama anapangusa vumbi kwenye vioo. Kaka yangu aliinuka, akaitoa kofia yake chini yake, akasema kwa utulivu mkubwa, "Nilisema."

"Ulisema nini?" mavyaa akamgeukia. "Umepata kuona pasi kama ile maishani mwako? Sema kweli."

"Mama, tumefungwa mbili kwa moja."

"Sikukuuliza magoli. Nimekuuliza pasi."

Walibishana njia nzima mpaka Matrah, gari likiruka juu ya mawe, mimi katikati yao nimeshika mto. Mavyaa alikuwa amehamia kundi la akili na sasa ndiye aliyekuwa mkali kuliko mwanawe. Kaka yangu alisema pasi moja haijengi timu. Mavyaa akasema mkwaju mmoja pia haujengi. Wote wawili walikuwa na haki kwa kadiri fulani, naona sasa. Yule bwana alitupa msimu mmoja na nusu. Mechi nyingine alikuwa hazuiliki, nyingine ungedhani amekuja kutazama. Halafu akapata kazi serikalini na mpira akauacha. Tuliwahi kuwashinda Maskati mara moja kwa sababu yake, na watu wa kambi ya mafuta walitufunga mara mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Jioni ya mechi ile ya kwanza, kama desturi, wachezaji wa timu zote mbili walikuja kwetu kula. Mtu wa Malindi alikaa mlangoni kwa haya, kifua chake kikizuia nusu ya njia. Mavyaa alimpelekea sahani mwenyewe, akasimama juu yake.

"Wewe mkwaju unao, mwanangu. Lakini kipindi cha pili hukumtazama fulbeki wako wa kulia hata mara moja. Kijana wa watu kasimama peke yake kama mjane."

Mtu wa Malindi aliinua uso, mdomo umejaa wali. "Yuko wapi, mama? Nionyeshe."

Mavyaa akaketi chini palepale mlangoni, akaomba aletewe sinia la tende.