Dada wa Magodoro

Muuza mito, mimba yake ikimtangulia, alipenda kumtazama dada wa magodoro, mwenzake wa duka moja, akihudumia wateja. Dada hakumsukuma mtu anunue hata siku moja; alilibonyeza godoro kwa kiganja kipana, akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Jilaze, mama, mgongo wako wenyewe utasema."

Mwezi mmoja biashara ilidoda, na meneja akamwambia muuza mito mbele ya watu, "Hukuuza, huna kamisheni, basi huna chako."

Dada akaacha kutandika shuka. "Bosi, kamisheni isipofikia kima cha chini cha mshahara, duka linajazia. Hiyo si huruma yako, ni haki yake."

Meneja akakohoa, akawatazama wateja waliokwisha kugeuka kumtazama. "Haya, nitajazia."

Muuza mito akashusha pumzi iliyosikika hadi mlangoni. Dada akampa ncha moja ya shuka, wakamalizia kutandika.