Nilikuwa Nimeshika Simu

Kanzu za zamani zilikuwa na mfuko mmoja mdogo kifuani, wa kutosha tasbihi na leso. Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, na kwa miaka mingi niliushona mfuko huo bila kuufikiria. Siku hizi mteja hajagusa hata kitambaa, anauliza habari ya mfuko. Anaitoa simu yake, pana kama kibao cha kukatia mboga, anaibandika kifuani na kuniambia nipime hapo. Mfuko wa ubavuni upo, lakini hawautaki, wanasema simu ikikaa huko hawasikii ikitetemeka. Nikiushona mfupi, simu inachungulia. Nikiurefusha, inamgonga mtu tumboni akitembea. Na vyovyote nitakavyoushona, akisujudu simu inateleza na kudondoka mbele ya safu, na msikiti mzima unajua fulani kanunua simu mpya.

Nasema haya ili ieleweke kwamba simu janja nazifahamu, tena kwa sentimita. Mimi si mtu wa kuzilaani. Wenzangu wa rika langu wakikaa barazani husema simu zimeharibu vijana, kisha mmoja wao anaitoa ya kwake na kuwaonyesha wenzake mbuzi anayecheza ngoma, na wote wanacheka mpaka machozi. Mimi simu imenifaa. Wateja wa Nzega na Sikonge wananitumia vipimo vyao, nawashonea na kuwapelekea kwa basi. Neema hiyo siwezi kuikataa.

Linalonikera ni dogo, nalo ni habari ya mikono. Nenda harusini uone. Zamani bibi harusi akiingia, akina mama walipiga vigelegele mpaka masikio yanaziba. Sasa mikono yote iko juu na midomo imefumbwa, maana anayerekodi hataki sauti yake mwenyewe imharibie video. Bibi harusi anaingia kimya kimya kama anayeingia ofisini kuomba kazi. Mashahidi wa sherehe ni wengi, lakini washereheaji hawapo. Nilikuwa nalicheka sana jambo hili. Sasa silicheki, kwa sababu lilinifika kwenye maziko ya baba yangu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa asali. Aliinunua Sikonge kutoka kwa warina asali wa misituni, akaileta mjini kwa baiskeli enzi za nguvu zake, na baadaye juu ya basi. Alikuwa na simu ya kitochi. Ikilia, aliipokea kwa sauti ya kumfikia mtu aliye bonde la pili: "Nani mwenzangu?" Hata kama ni mimi ninayempigia kila siku. Kisha zinaanza salamu. Nyumbani hawajambo? Watoto? Mvua je? Yule jirani aliyekuwa anaumwa mguu? Salio linaisha hujafika kwenye shida yako. Ukimwomba afupishe, anakuuliza una haraka ya kwenda wapi. Kaka yangu, anayeendesha malori Uarabuni, aliwahi kumletea simu janja. Baba aliifunga kwenye kitambaa akaitia kabatini, akasema itunzwe mpaka mwenyewe arudi.

Alifariki alfajiri, nyumbani, baada ya kuumwa kwa muda. Nilituma ujumbe kwenye grupu la ukoo. Wa kwanza alijibu sijaiweka simu chini. Wengine walituma kikatuni kinacholia. Mmoja alituma dua ndefu, nzuri sana, na juu yake palikuwa na alama ya kuonyesha kwamba imesambazwa mara nyingi. Ilikuwa imekwisha kuzunguka misiba ya watu wengine kabla ya kufika kwetu. Sikukasirika. Nilizisoma zote, na zote niliziona ni maneno tu.

Halafu kaka akapiga. Wakati huo baba mdogo alikuwa ameshaamua kwamba maziko ni baada ya swala ya alasiri, kama ilivyo desturi yetu ya kutomchelewesha maiti. Hata kama kaka angepata ndege saa ileile, asingewahi.

"Mdogo wangu," akasema, "nishikie simu. Nataka nimwone baba mpaka anafunikwa."

"Hilo limekwisha, kaka. Nitamtafuta kijana mmoja aishike vizuri."

"Usimpe mtu. Vijana wanatikisa. Shika wewe, mkono wako hautetemeki."

Ni kweli. Mkono unaotetemeka hauwezi kutunga uzi wala kukata shingo ya kanzu. Na kwetu kaka ni kaka, baba akiondoka yeye ndiye baba. Nikasema sawa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na simu yangu ilikuwa inakaribia kuzima. Nikatoka kutafuta chaji. Kwa hiyo wakati baba anaoshwa, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la duka moja lenye sola, nikisubiri simu ijae, na kila apitaye ananipa pole. Nilinunua bando kubwa kuliko yote ninayonunuaga. Niliporudi nyumbani alikuwa ameshavikwa sanda, uso peke yake umeachwa wazi ili watu wa nyumbani wamuage. Nikampigia kaka, nikaielekeza simu.

Hapa ndipo naomba nieleweke, maana asiyejua simu hizi anaweza kudhani nilikuwa naona alichokuwa akikiona kaka. Ukipiga simu ya video, yule uliyempigia ndiye anayejaa kwenye kioo. Unachomwonyesha wewe kinakaa kwenye kidirisha kidogo pembeni, kama kisanduku cha kiberiti. Kwa hiyo kioo kizima kilikuwa uso wa kaka yangu, ndevu zake, kofia yake, na nyuma yake ukuta wa chumba cha ugenini wenye feni. Baba alikuwa pale kwenye kisanduku cha kiberiti. Nami macho yangu yalikuwa pale, nikihakikisha hatoki nje ya kidirisha.

Jeneza likatoka. Kwetu kila mwanamume hupenya alitie bega, hata hatua chache, kisha anampisha mwingine. Mimi nilikwenda ubavuni, nikitembea upande upande kama kaa. Kabla ya kufika makaburini mtandao ukakatika, kaka akaganda mdomo wazi. Nikapanda juu ya kichuguu, nikainua mkono mpaka akarudi. Watu wakaniangalia. Mzee mmoja akatikisa kichwa, nami nikamwona ana haki.

Kaburini ndipo baba mdogo aliponijia. Watoto wa kiume ndio wanaoingia kumpokea baba yao, na mtoto wa kiume aliyekuwepo alikuwa mimi.

"Vua viatu, teremka," akaninong'oneza.

Nikamgeuzia kioo. Akamwona kaka yangu analia, mabega yanapanda na kushuka.  Baba mdogo akamwita mwanawe, yule akateremka badala yangu.

Nimejiuliza mara nyingi kama kulikuwa na njia nyingine. Ningeweza kumpa mtu simu. Kijana mmoja alininyooshea mkono, lakini kaka alikuwa ameshasema nisimpe mtu, na mtu anayelia mbele yako huwezi kumhamisha mikono kama mzigo. Hivyo nilisimama. Sikuwahi kumwona kaka yangu akilia kabla ya siku ile, hata utotoni alipovunjika mkono. Nilimwona vizuri sana. Chozi lilidondokea kioo chake, akalifuta kwa kidole gumba, na kwangu ikaonekana kama ananifuta mimi. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Moyoni mlikuwa mtupu.

Watu walipoanza kuinama kutupia udongo, kaka akasema, "Nitupie na mimi." Nikainama, nikachota kwa mkono uliokuwa wazi, nikatupia kwa niaba yake, konzi moja, ya pili, ya tatu. Nilipotaka kutupia yangu, wenye majembe walikuwa wameshaanza na vumbi limejaa. Nikarudi nyuma kulinda simu isiingie mchanga.

Siku zilizofuata nilikaa chini ya turubai pamoja na wafiwa wenzangu. Nilikula, nililala, nilizungumza habari za tumbaku na watu waliotoka mbali. Kuna mahali mtu alisimulia kituko na nikacheka sawasawa na wengine. Kaka alipiga kila siku, sauti imetulia. "Ahsante sana," aliniambia. "Nimemzika baba yangu. Sina deni moyoni." Nikamwambia alhamdulillahi. Sikuwa na hasira naye, na sina. Ningependa kuwa nayo, angalau ningejua kuna kitu kinafanya kazi humu ndani. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ambao unaugusa kwa kidole, unajua kabisa ni wa kwako, lakini hausikii.

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha kwamba ukikigusa kile kidirisha mara moja tu, picha zinabadilishana nafasi, kidogo kinakuwa kikubwa. Alinionyesha hivi hivi, tukizungumza mambo mengine. Nikamwambia ni vizuri kujua.

Watu husema teknolojia hii imewaleta walio mbali karibu. Sibishi, nimeona kwa macho yangu kaka akifika makaburini Tabora bila kutoka chumbani kwake. Ila hakuna anayeuliza alifikaje. Alifika kwa sababu kulikuwa na mtu amesimama pale kama mti, na mti hauhudhurii maziko. Wanaotengeneza vitu hivi wamefikiria kamera, wamefikiria betri, na aliyeishika hawakumfikiria. Au pengine walimfikiria, wakaona anaweza kuvumilia.

Turubai lilipoteremshwa na watu kutawanyika, mama aliniita chumbani. Alikuwa ameanza eda, amekaa juu ya mkeka, ametazama mlango. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Huagana na maiti mlangoni, na yanayobaki huyapata kwa kusimuliwa. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akanionyesha pa kukaa.

"Sasa watu wameondoka," akasema. "Nieleze, mwanangu. Walimlazaje?"

Nilikuwa nimeshahudhuria maziko mengi na najua mambo yanavyokwenda. Nikaanza kusema kwamba walimshusha taratibu, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, akaelekea kibla. Mama akanisikiliza mpaka nikafika mwisho, ambao haukuwa mbali.

"Kichwa alishika nani?"

Nikaanza kuchezea ukindu uliochomoka kwenye mkeka.

"Na shavu lake, lilifika kwenye udongo? Baba yako alikuwa na shingo ngumu ile ya upande mmoja. Nilikuwa naiwazia."

Sikujua. Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno jepesi, na lingempumzisha. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na mama yangu ananijua tangu sijaota meno.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nimeshika simu. Nilikuwa namwonyesha kaka."

Hakugomba. Alivuta upindo wa khanga.

"Basi mpigie yeye aniambie."

Nikampigia kaka, nikafungua spika, nikaiweka simu juu ya mkeka katikati yetu. Kaka akamwamkia mama, akaulizwa, akasimulia. Alisimulia vizuri, bila kutafuta maneno. Kichwa alikishika mtoto wa baba mdogo, miguu jirani yetu fundi baiskeli. Shuka lililotandwa juu ya kaburi lilipeperuka upande mmoja, mzee mmoja akalikanyaga pindo. Vifundo vya sanda vilifunguka vyote isipokuwa cha kichwani, kilikuwa kimekaza, kikafunguliwa kwa meno. Shingo kweli ilikuwa ngumu, shavu halikufika. Mtoto wa baba mdogo akachota udongo kwa kiganja, akauvunja mabonge, akamwekea chini ya shavu kama mto, kidogo kidogo, mpaka likafika. Akauacha mkono pale muda kabla ya kuutoa. Ndipo mbao zikapangwa.

Mama akalia, kilio kifupi cha mtu aliyetua mzigo. "Alhamdulillahi," akasema. "Na huo udongo, ulikuwa mkavu?"

"Mkavu, mama. Mwekundu."

Mimi pia nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimeinamia simu kama mtu aliyeletewa habari za mbali, na kila alichokitaja kilikuwa kipya kwangu. Kaburi lilikuwa hatua mbili tu kutoka viatu vyangu. Nilitaka kumuuliza kaka swali, hata nikafungua mdomo, kisha nikaona aibu.

Waliagana. Mama akafuta uso. Akanishika mkono, ule wa kulia, akaupapasa kama anavyofanyiwa mtu aliyeshuka kwenye basi akakuta watu wameshatoka makaburini.

"Pole, mwanangu," akasema. "Hukuwahi kumzika baba yako."

"Nimeshapoa, mama," nikamjibu.